Nilichimba shimo ya kukimbia jua ya Nakivale, batu bakasema ni kaburi

Wakuu wa humu, bakubwa na badogo, miye ni koko wa batu, nyinyi munaita bibi, niko Nakivale, kambi ya wakimbizi hapa Uganda. Shikamoo zenu nimezipokea hata kama hamujanipa.

Hii nitaandika ni kweli. Kama kuna fasi nitatia chumvi, itakuwa chumvi ya mboga tu, ya kuonja. Mashahidi bote bako bazima, bengine bako na simu, banaweza kuingia humu kunikatalia.

Munisamehe mwandiko. Nilisoma mpaka ya tatu primeri, halafu baba akasema mbuzi bananingoja. Hii simu nilijifundisha miye mwenyewe. Herufi moja, napangusa miwani, herufi ingine.

Sasa. Juzi nilisoma uzi ya kijana moja. Anaishi ku muji ya jangwa kule Uarabuni, analia: joto, unyevu, shati inashika ku mugongo, anataka kurudi kwao. Nilimusoma mpaka mwisho. Pole, mutoto wa batu. Lakini weye uko na mashine ya baridi ku ukuta. Ngoja nikuambie joto ya mutu mwenye eko na ukuta tu, hakuna mashine.

Kwetu ni Kivu ya Kusini, juu kwenye milima. Kule asubuhi ukipumua unaona pumzi yako sawa moshi ya kiko. Kwa hiyo nyumba ya kwetu iko na desturi yake. Mulango mufupi. Dirisha moja, ndogo. Moto katikati ya nyumba, haizimike. Na chini ya kitanda, kobayi.

Naona kuna mwenye ameshauliza kobayi ni kitu gani, na sijamaliza hata kufungua mudomo. Uko na haraka ya kwenda wapi?

Kobayi ni munyama mudogo, anatoshana na mukate. Hana mukia. Bengine banamuita simbilisi. Anakula majani, akisikia unakata majani analia wii, wii, sawa mulango inataka mafuta. Kwetu kila nyumba iko nabo. Mugeni akikuya bila kutuma habari, mboga iko chini ya kitanda. Mutoto akikonda, supu ya kobayi. Na binti akiolewa, mama yake anamuwekea babili mu kitunga, dume na jike, aanze nabo nyumba.

Ba kwangu nilitoka nabo mbali. Sitaeleza vita hapa, mwenye anajua anajua. Nasema tu: bengine balikimbia na sufuria, bengine na Biblia, miye Biblia ilibeba bwana yangu, miye nikabeba kitunga ya kobayi.

Tulipofika, tulikaa kwanza Kabazana, kule banapokeaka batu bapya. Kiisha bakatupa plotti yetu, fasi ya miiba na vichuguu. Bwana yangu akajenga. Alijenga nini? Nyumba ya kwetu. Mulango mufupi, moto ndani, dirisha moja yenye kutosha mutu kupitisha kichwa kama hana masikio makubwa. Ukuta ya udongo alikanyaga na miguu yake mwenyewe. Juu tuliweka shitingi, ile plastiki banapeaka batu. Nyuma ya miaka tukapata manjanja, nyinyi munaita mabati. Siku ile bwana yangu alizunguka nyumba mara tatu akiiangalia sawa mutu ameoa tena.

Kiisha akafa. Alilala salama, kifua tu. Akazikwa kule ku makaburi ya wote, nikabaki na nyumba na kobayi.

Kulikuwa na mwanaume moja Munyankore, Tumwine, muchungaji wa ngombe wa upande wa Endiinzi. Alikuwa anapitishaka maziwa na baiskeli. Siku ya kwanza aliona kobayi bangu, aliweka baiskeli chini.

"Kaaka," akasema, kwabo koko njo kaaka, "wewe iko nafuga panya?"

"Siyo panya. Panya iko na mukia."

"Hii mukia yake naenda wapi?"

"Balimunyanganya ku mpaka."

Akacheka mpaka maziwa ikamwagika kidogo. Toka siku ile kila akipita anauliza kama mukia imerudi. Mumukumbuke huyu Tumwine, huko mbele ataniletea mambo.

Tuingie sasa mu kiangazi ya 2013.

Kiangazi ile ilikuwa na roho mubaya. Saa tatu ya asubuhi jua imeshaanza kugonga manjanja, ta, ta, ta, sawa mutu anatupa kokoto. Saa sita huwezi kugusa kufuli ya mulango. Kutoka upande ya ziwa inakuya hewa nzito, yenye maji ndani. Haipige. Inakaa tu ku shingo sawa mutoto mukubwa mwenye anakataa kushuka mugongoni. Kiisha vumbi ya ngombe inapita juu ya jasho, jioni ukijipangusa kitambaa inatoka na udongo ya kutosha kupanda muchicha.

Na miye nilikuwa nafanya nini?

Niko ndani. Mulango nimefunga. Dirisha nimeziba na kitambaa. Moto inawaka, maharagi inachemka. Juu kwetu banasema upepo ya muchana inaleta kifua. Mama yangu alinifundisha, na mama yake alimufundisha yeye. Nani miye nifungue mulango?

Siku moja nikaona kobayi habalie. Nikakata majani makusudi karibu yabo. Kimya.

Nikainama chini ya kitanda. Nilikuwa nabo kumi. Bamelala bote, miguu nyuma, kidevu maji maji, banapumua haraka haraka, banatetemeka. Sasa munielewe. Ku milima, kobayi akiwa na kidevu maji na anatetemeka, ugonjwa iko moja tu: baridi imemuingia. Na dawa iko moja.

Wakuu, nikaongeza moto.

Nikaleta na mbabula ya makala, ile jiko ya mukaa, nikaiweka pale pale pembeni ya kitanda. Nikabafunika na kipande ya blanketi. Nikakaa chini nabo, jasho inanitoka mpaka ku kope, na miye nasema, "Masikini, baridi inabaua, masikini."

Cheka tu. Miye mwenyewe leo nacheka. Siku ile sikucheka, sababu jioni ilifika saba bamekufa.

Asubuhi nikatafuta mwenye makosa. Hapana miye, miye nilibahurumia. Nikakumbuka majani ya jana niliikata karibu na lupango, ile kiwanja ya nyumba ya jirani yangu, Mama Nabintu. Huyu ni mama wa kwetu, tunasali naye kanisa moja, sauti yake ku kwaya inafunika ya bote. Nikasimama pa mulango yake.

"Mama Nabintu, ulitia nini ku majani?"

"Majani gani?"

"Saba bangu bamekufa."

"Na miye nilibaua na nini, na macho?"

"Weye unajua."

Akaweka ufagio chini. "Koko, sikia. Kama ningetaka kuua kitu chako, ningeanza na mudomo yako."

Nikarudi kwangu na hasira, nikafunga mulango nguvu, nikawasha mbabula, batatu benye balibaki nikabavuta karibu na moto. Maharagi juu. Saa saba ya muchana nikasimama nikoroge.

Sikumbuki kukoroga.

Nakumbuka maji ku uso, na niko inje, chini ya migomba, na sauti ya kwaya juu ya kichwa yangu: "Amka. Amka we mwenye kunitukana. Nataka uamke unitukane vizuri."

Mama Nabintu alisikia sufuria imeanguka. Akagonga, hakuna jibu. Akavunja kamba ya mulango, moshi na joto ikamupiga, akanishika miguu, akanivuta sawa gunia ya mihogo. Mutu nilimuita muchawi asubuhi. Muchana ananivuta.

Ku hospitali ndogo ya hapa muganga akanifungia maji ya mushipa. Akaniuliza napika wapi. Nikasema ndani. Mulango? Nimefunga. Na hii jua? Akaweka kalamu chini, akasema, "Mama, hiyo makala mu nyumba imefungwa peke yake inaweza kuua. Jua nayo ilikuwa inakungojea." Presha nayo ilikuwa juu sawa bendera.

Sasa njo mambo inaanza.

Mutoto yangu Byamungu anaishi Mbarara, anashona nguo. Kesho yake akafika na uso ya kupima mutu suti ya mwisho. Hakuuliza, akakunja nguo zangu mu mufuko, tukaenda Mbarara. Kobayi batatu benye balibaki Mama Nabintu akasema atabaangalia. Aliongeza, "Nikibaua utajua."

Byamungu eko na chumba moja, inagawanywa na pazia. Nyuma ya pazia ni yeye na muke yake Claudine. Mbele ya pazia ni miye na cherahani. Juu, manjanja. Pembeni, ukuta ya mutu mwingine. Inje, getti, na landilodi anaifunga.

Claudine ni binti muzuri, simuseme mubaya. Lakini kila nikisimama: "Mama, kaa, utachoka." Nikifika pa mulango: "Mama, baki, utapotea." Wakuu, nilivuka milima na kitunga ku kichwa, nipotee kati ya mulango na choo?

Joto ile ya Mbarara haizidi ya Nakivale. Lakini Nakivale joto ni yangu, naweza kuihama, nakwenda chini ya mugomba, nakwenda kwa jirani. Ya Mbarara iko na ufunguo, na ufunguo iko mu mufuko ya mutu mwingine.

Siku ya ine Byamungu akanyamazisha cherahani.

"Mama, utabaki hapa."

"Mpaka lini?"

"Utabaki."

Munaelewa maana yake. Mutu akiacha plotti kule, inapewa mutu mwingine. Hakuna kurudi kesho useme nilisahau sufuria yangu. Nyumba, migomba, kila kitu, kwisha. Ningebaki mugeni wa mbele ya pazia mpaka kufa.

"Nyumba yangu nitaipeleka wapi?"

"Mama, nyumba siyo mutu."

"Ukuta ile ni miguu ya baba yako."

"Ukuta ile njo ilitaka kukuua."

Alisema kweli, na kweli ya mutoto wako inachoma kupita jua. Lakini mutu kuniambia kweli haiko sawa na kunishinda.

Nikamuambia, "Byamungu, mvua itakuya. Mvua ya kwanza ikinikuta nimesimama kwangu, sitoki, na hutanisemesha tena hiyo habari. Nikianguka mara ingine mbele mvua haijafika, kuya unibebe, hata mu kitunga, sitapiga kelele."

"Na nitajuaje umeanguka?"

"Mama Nabintu atakupigia. Anapenda simu."

Claudine akasema pole pole nyuma ya pazia, "Mama hawezi." Alizani sisikii. Nilisikia. Ile neno njo ilinipandisha gari.

Mbele sijapanda gari, tukapita ku soko. Nikaona bamama ba mboga. Jua inawaka vile vile, na mboga yabo imekaa vizuri, inacheka. Juu ya mboga bameweka gunia ya katani, banainyunyizia maji. Unatia mukono chini ya gunia, baridi. Nikasimama nikafikiri: mboga inafunikwa na gunia ya maji, na miye nafunikwa na manjanja. Nani kati yetu eko na akili? Nikaomba mama moja gunia mbili za kuchakaa, akanipa.

Nikafika nyumbani. Kitu ya kwanza, moto nikaitoa inje. Iliniuma, siwadanganye. Nyumba bila moto katikati niliiona sawa mutu bila moyo. Kitu ya pili, nikachukua nyundo na nondo, nikaenda ku ukuta ya nyuma, kuangaliana na ile dirisha ndogo, nikaanza kutoboa dirisha ya pili.

Mama Nabintu akakuya mbio. "Koko, unabomoa nyumba ya marehemu?"

"Marehemu eko chini, kwenye baridi. Angepanda saa hii, angeninyanganya nyundo apige yeye."

Akashika nondo.

Tukapiga pamoja mpaka jioni. Katikati ya kupiga nikamuomba masamaha ya majani. Akasema, "Piga, tutaongea." Hatukuongea tena. Ilipita.

Upepo ikaanza kuingia dirisha moja na kutoka ingine. Gunia moja nikaifunga ku dirisha, nikaimwagia maji yenye nilioshea vyombo. Ikasaidia. Lakini saa sita mpaka saa tisa, manjanja ni manjanja. Nilikaa dakika kumi kichwa ikaanza kuzunguka. Nikatoka inje nikashika mugomba. Nikasema mu roho, ikiwa hivi, Byamungu amenishinda.

Njo nikauliza, "Kobayi bangu bako wapi?"

"Sikubafunga," Mama Nabintu akasema. "Nilifungua mulango yako siku ile, bakatoka benyewe. Habajarudi ndani hata mara moja."

Nikabatafuta. Bako batatu bote, bazima, banono kupita zamani. Balikuwa bamejichagulia fasi chini ya migomba, kule maji ya kunawa inamwagikaka, mu shimo ndogo kati ya mashina. Bamelaza tumbo ku udongo, macho nusu, sawa bakubwa ba serikali.

Siku tatu nikafanya kazi moja, kubafuata. Asubuhi banakula ku majani. Saa tano, mbele ya jua kukasirika, banaingia mu shimo. Saa kumi banatoka. Hakuna hata moja anaenda ku nyumba. Hakuna hata moja anauliza mama yake alifanyaka nini.

Batu banasemaka munyama hana akili. Akili ile ilikuwa chini ya kitanda yangu miaka yote, nikiipikia moto.

Siku ya ine nikachukua jembe.

Nilichimba chini ya migomba, pembeni yabo. Urefu, mwili yangu. Upana, mwili yangu na mukono. Kina, mpaka kiuno. Nilichimba asubuhi tu, pole pole, siku sita. Chini udongo ilikuwa baridi, kidogo yenye maji, ukiweka shavu unasikia sawa tumbo ya mutungi. Nikatandika mukeka. Juu nikaweka fito na majani makavu ya migomba, na ku mulango ya shimo gunia yangu ya pili, yenye maji.

Siku ya tano, udongo imepangwa pembeni, miye niko ndani nachimba, Tumwine akapita na baiskeli. Akasimama. Akaangalia shimo. Akaangalia urefu. Akaniangalia miye.

"Kaaka, hii nini?"

Nilikuwa nimechoka na mugongo inauma. Nikamujibu vibaya. "Haikuhusu. Endesha baiskeli yako."

Hakuuliza habari ya mukia. Alivua kofia, akaenda.

Wakuu, maziwa ya Tumwine inaendaka mpaka Kabingo, na habari inapanda ku maziwa. Kabingo balisema koko wa Nakivale anachimba kaburi yake na mikono yake. Kutoka Kabingo habari ikapanda gari. Kufika Mbarara, kaburi ilikuwa imeshajaa.

Miye sijui kitu. Niko mu shimo yangu, saa nane, jua inachinja batu kule juu, miye nimelala na kitambaa ku kichwa, ungo ya maharagi ku kifua nachagua mawe, kobayi ku miguu. Sijawahi kujisikia malkia, lakini nazani inakaaka vile.

Nikasikia kilio kutoka barabara. Kilio ya kweli, ile ya kujitupa. Nikasema, ee Mungu, kuna mutu amefiwa. Kilio ikasogea. Ikaingia mu plotti yangu. Nikasikia miguu mingi, na sauti ya sheremani, mwenyekiti wa kijiji, anasema batu basimame kwa heshima.

Nikasukuma gunia, nikatoa kichwa inje, nikauliza, "Nani amekufa?"

Claudine alikuwa mbele, amefunga kikwembe, kitenge nyeusi. Alianguka mugongo. Mzee moja wa kanisa alikuwa ameshafungua Biblia, akaifunga juu ya kidole yake. Tumwine alikuwa nyuma na kofia mukononi, kobayi bakatoka mbio, bakapita kati ya miguu yake, akarukia mugomba.

Byamungu hakuruka. Alisimama, suti yake imejaa vumbi ya boda.

"Mama."

"Karibu."

"Mama, batu baliniambia..."

"Balikuambia nini? Niko hapa."

Akalia kidogo, ile ya wanaume, ya kukohoa. Kiisha hasira ikakuya. "Tunaenda leo. Sasa hivi. Mutu muzima anaishi mu shimo sawa munyama. Unanipatisha haya mbele ya batu."

"Mvua imekuya?"

"Mama, wacha mvua."

"Nimeanguka? Uliza Mama Nabintu."

Mama Nabintu akasema, "Hajaanguka. Amenenepa."

"Mama, hii ni kaburi."

"Ingia."

"Siingie."

"Byamungu. Toka Mbarara uko ku jua. Nilikuzaa miye. Ingia."

Batu bote bananyoosha shingo. Akavua koti, akampa Claudine. Akashuka. Nikamuachia fasi ya mukeka, miye nikakaa ku pembeni ya shimo na ungo yangu, nikashusha gunia.

Dakika ya kwanza akanyoosha miguu. Ya pili akaweka mukono ku udongo. Kiisha nikasikia anapumua murefu, sawa mutu mwenye ametua muzigo yenye bosi hakumupa ruhusa ya kutua. Nikakohoa. Hakujibu.

Mutoto yangu alilala.

Alilala vile sijamuona toka tuvuke mpaka. Batu bakangoja bakachoka, bengine bakatafuta kivuli. Sheremani akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna ruhusa ya kuchimba vile. Nikamuambia ashuke amuulize mwenye analala. Claudine alikuya akakaa pembeni yangu, akatia miguu yake mu shimo, akaiacha pale. Akaanza kuchagua maharagi. Hakuniambia nitachoka.

Byamungu aliamuka wakati ngombe banarudi. Uso yake iko na alama ya mukeka. Akapanda, akateleza, akapanda tena. Batu bote banamuangalia aseme.

"Ngazi yako ni mubaya," akasema. "Utavunja muguu."

Akachukua jembe, akakata ngazi mupya, tatu, pana, akazikanyaga na miguu yake. Vile vile baba yake alikanyaga ukuta. Kiisha bakapanda boda, yeye na Claudine. Alikuwa amekuya na mufuko mutupu wa kubebea nguo za marehemu, alirudi nao mutupu.

Mvua haikuya siku ile, wala juma ile. Ilikuya nyuma, saa nane ya muchana, bila kubisha. Nilisikia harufu kwanza. Nikatoka mu shimo na ungo ku kichwa, kobayi nimebaweka mu beseni, balikuwa sita sasa, sababu jike moja alizaa mule mule chini. Nikasimama katikati ya lupango. Ikanipiga. Kikwembe ikashika ku mwili, matope mpaka magoti. Shimo yangu ikajaa maji mbele ya macho yangu, mukeka ikaelea, ngazi ya Byamungu ikazama moja moja.

Sikuingia ndani. Nilisimama mpaka ikaisha, Mama Nabintu pa mulango yake anapigia Byamungu simu, anapaza sauti kupita manjanja: "Amesimama. Nasema amesimama. Hapana, hajashika kitu."

Niko hapa mpaka leo. Kila kiangazi nachimba upya, na dirisha ya tatu nimetoboa. Dume na jike nilimupa Mama Nabintu mu kitunga, vile banamupeaka binti mwenye anaanza nyumba. Anasema ni mashahidi, hatabakula. Na kiangazi yenye ilifuata nilitembea hapa karibu, nikaona shimo ingine nyuma ya nyumba ya sheremani. Sikumuuliza kama alijipa ruhusa.

Somo yangu ni hii, mukubali ama mukatae. Desturi ya kwetu haikuwa mubaya. Ilikuwa muzuri fasi yake, ku baridi. Kosa ilikuwa yangu, kuibeba na moto yake mpaka mu jua na kufunga mulango. Na mukiona muzee amekaa fasi yenye munazani hawezi, musianze na mufuko wa nguo. Muanze kuuliza amekosa nini. Pengine amekosa dirisha tu.

Na batu bote, makala ndani ya nyumba imefungwa, hapana. Hiyo sicheki nayo.

Sasa na nyinyi museme. Wenye muko fasi ya joto, saa sita ya muchana munyama wenu analala wapi, na nyinyi muko wapi? Mwenye kubisha abishe, nimezoea. Mwenye ataandika tena "panya", nimeshamuona, najua na kwabo ni wapi. Nasoma komenti zote, pole pole, mpaka batiri inikatalie.